Choo cha Watu Arobaini

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, kengele ya usafi ilipolia, Kiranja alikunja pua kabla hata hajatoka darasani. Tangu achaguliwe kiranja wa usafi wa darasa la sita, jina lake lilikuwa limebaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Hata nyumbani walimwita Kiranja. Choo chao kilikuwa na matundu manne, na harufu yake ilikuja kukupokea njiani. Sakafu ilikuwa na utelezi wa kijani, kuta zilikuwa zimepakwa mambo yasiyosemeka mbele ya watu wanaokula, na nzi wa pale walinenepa bila aibu.

"Arobaini wote twendeni!" aliamuru. "Umoja ni nguvu!"

Mpango huo ulikuwa wake mwenyewe, naye aliuonea fahari. Zamani walisafisha wanne wanne kwa zamu. Yeye akauliza, kwa nini wanne wakati tupo arobaini? Basi wakaja wote, na fagio zao nane na ndoo tano. Wakamwaga maji, wakarushiana povu, wakacheka, na baada ya dakika kumi wakaondoka. Kiranja naye alishika ufagio, akaigusagusa sakafu huku kageuza uso, kisha akawaachia wengine. Wiki hadi wiki, choo kilizidi kuoza.

Choo cha wadogo kilikuwa kinajengwa upya, kwa hiyo darasa la kwanza nao walitumia hichohicho. Katika darasa hilo ndimo alimokuwa Kitinda, mdogo wake Kiranja. Jumanne moja Kitinda alirudi nyumbani amejikunja, homa imempanda, analia kwamba tumbo la chini linamwaka moto. Mama akamkimbiza zahanati, Kiranja akafuata nyuma.

"Ukiwa shuleni unakojoa mara ngapi?" daktari alimwuliza.

"Sikojoi," Kitinda alinong'ona. "Nabana mpaka nyumbani."

"Kwa nini, baba?"

"Kuna funza. Walipanda kwenye kiatu changu."

Daktari alishusha pumzi. "Ana maambukizi kwenye njia ya mkojo," alimwambia mama. "Dawa zipo na atapona. Lakini akiendelea kubana, atarudi hapa, na siku hiyo huenda tukazungumza habari za figo."

Jioni ile alimfungulia moyo shangazi yake, aliyekuwa akifundisha saikolojia ya jamii katika chuo cha ualimu.

"Watu gani wale, shangazi! Wachafu, wavivu, wananitia kinyaa! Ninayesugua ni mimi peke yangu!"

"Peke yako?" shangazi alimtazama kwa makini. "Haya. Kesho nitaomba ruhusa kwa mwalimu wenu, nije na mizani."

Kesho yake shangazi alifika na mizani ya kuning'inia, ile ya kupimia magunia. Aliifunga kwenye nguzo ya goli, akatia kamba. Darasa zima likamzunguka.

"Kiranja, vuta kwa nguvu zako zote." Mshale ukafika kilo ishirini na sita.

Kisha akamfunga kitambaa machoni. "Sasa wenzako sita wako nyuma yako kwenye kamba hiyohiyo. Vuteni wote!"

Kiranja aliwasikia wakiguna. Akavuta.

"Kumi na tisa," shangazi alitangaza.

"Watu saba, kilo kumi na tisa?" Kiranja alifoka. "Si nilikwambia, shangazi? Wategeaji hawa!"

Darasa liliangua kicheko. Kitambaa kikafunguliwa. Wale sita walikuwa wameishika kamba imelegea, wakiguna kwa midomo tu.

"Niliwaagiza wasivute kabisa," shangazi alisema. "Hizo kumi na tisa ni zako. Ulipodhani una wenzako, ulipunguza kilo saba."

"Nyani haoni kundule!" alidakia mvulana mmoja waliyemwita Kifua kwa majigambo yake.

"Njoo na wewe," shangazi alimwambia. Peke yake Kifua alivuta thelathini. Alipofungwa macho na kuambiwa kwamba safari hii wenzake wanavuta kweli, ishirini na mbili, na kumbe waliguna tu vilevile. Kicheko kikaisha.

"Msione haya, ndivyo binadamu tulivyo," shangazi aliwaambia. "Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Mfaransa mmoja, Ringelmann, mtaalamu wa kilimo, aliwavutisha watu kamba, akaona wanavyozidi kuwa wengi, ndivyo kila mmoja anavyotoa kidogo. Baadaye watafiti wengine, Ingham na wenzake, waliwafunga watu macho, kama nilivyofanya mimi. Latané na wenzake wakapima sauti za watu wakipiga makofi na kelele. Mambo yakawa yaleyale. Huko ndiko kutegeana. Lakini waligundua pia kwamba kazi ya kila mtu ikijulikana ni yake, kutegea hupungua."

Kiranja alikumbuka ufagio wake ulivyoigusagusa sakafu. Kile kinyaa alichokuwa akiwaonea wenzake kikamgeukia mwenyewe, naye akatamani ardhi ipasuke.

"Mimi nimetegea miezi mitatu," alisema. "Mdogo wangu yuko kitandani kwa sababu hiyo. Tundu la kwanza ni langu, leo hii. Andikeni jina langu mlangoni."

Wakaliandika kwa chaki. Kifua akachukua la pili, wengine wawili yaliyobaki. Kiranja alisugua kwa magoti, akachota funza kwa kipande cha bati, akatoka kutapika nyuma ya ukuta, akarudi kusugua. Tangu siku hiyo kila tundu lilikuwa na jina la mtu mmoja, na jina likabadilika kila siku.

Kitinda alirudi shuleni baada ya wiki moja. Alisimama mlangoni pa choo, akachungulia sakafu kwa muda mrefu, kisha akaingia. Nje, Kiranja alisikia mlio ambao hakuwahi kudhani ungemfurahisha.

Alipomsimulia shangazi, shangazi aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mwanangu, uchafu wa wengi ukikutia kinyaa, usianze kuhesabu wavivu. Tafuta kwanza sehemu yako, uisafishe mpaka ing'ae. Ukiisha kufanya hivyo, hata ukiwakemea wengine watakusikia."

"Wameshanisikia," Kiranja alisema. "Ila mikono bado inanuka."

"Basi kaioshe kwa sabuni," shangazi alijibu, "kabla hujagusa kikombe changu."