Nyekundu ya Baba Mdogo

"Sindano, picha ziko saba. Moja inamwelekeza mnunuzi silaha zilipo. Anazichukua saa sita mchana."

"Nimekupata."

Sindano alikata simu, akapanda ngazi za jumba la sanaa. Saa tano na robo. Bastola ya Glock kiunoni, kamera kwenye kifungo cha koti, kipaza sauti kidogo ukosini, kifaa cha kusikilizia sikioni.

Laiti wangemtuma jasusi mwingine. Picha zote saba zilichorwa na mdogo wa marehemu baba yake, mtu aliyemlea.

Baba mdogo alirudi kutoka vitani bila mkewe. Tangu hapo hakuchora tena sura ya mtu. Miraba na mistari tu. Watazamaji waliinamisha vichwa huku na huku, wakatoka kapa. Sindano alifundishwa kuisoma angali binti wa miaka tisa. Kijivu ni kuta zilizobaki. Mstari mweusi ni barabara waliyokimbilia. Nyekundu ni gauni la mama mdogo siku aliyopotea. Hukaa chini kabisa pembeni, ndogo kama ukucha, mstari mweusi umeikalia.

Picha ya kwanza ilikuwa hivyo. Ya pili hivyo. Mpaka ya sita.

Ya saba ilimkata maini.

Miraba kumi na miwili, safu mbili. Yote kijivu, isipokuwa wa nne kutoka kushoto, safu ya juu. Huo ulikuwa mwekundu mzima. Mstari mweusi ulipita katikati ya safu, ukagawanyika kama reli.

Hakuwa mama mdogo yule. Lilikuwa behewa.

"Makao makuu. Stesheni ya mizigo. Reli ya juu, behewa la nne."

"Una hakika? Mtaalamu wetu anasema ni rangi tu."

"Nyekundu haikai pale. Vunjeni."

Saa sita kasoro kumi, kifaa sikioni kikakoroma. Bunduki mia mbili. Muuzaji na mnunuzi wametiwa pingu.

Sindano akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Mzee alikuwa anaosha brashi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Akaweka brashi chini. "Umeisoma."

"Nimeisoma. Kwa nini umewachorea?"

"Yule muuzaji aliahidi kunionyesha alikozikwa mama yako mdogo. Miaka ishirini na sita sina hata pa kuinama."

Sindano akasema kwenye ukosi wa koti: "Muulizeni muuzaji. Mke wa mchoraji kazikwa wapi?"

Jibu likarudi sikioni: "Anauliza, mke yupi?"

Baba mdogo hakusikia. Alikuwa anamtazama usoni, akisubiri.

"Anasemaje?"

Angeweza kumdanganya. Ulimi ulikuwa tayari.

"Hajui, baba. Hakuwahi kujua."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akanyoosha mikono. Sindano alichukua kitambaa, akamfuta rangi kidole kwa kidole, ndipo akamfunga pingu. Akamkabidhi kwa askari wawili waliokuwa wamefika mlangoni.

"Msimshike kwa nguvu. Bega la kushoto linamuuma."

Nje jua lilikuwa la utosi. Makao makuu walikuwa wanampongeza. Sindano alichomoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni, akavuka barabara kwa mwendo wake wa kila siku.