Mawe ya Kijani Katika Kopo la Delphine

Kila asubuhi Delphine alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kikula, mjini Likasi, akanywa chai, kisha akaenda shuleni akigombana na soksi zake. Lakini Ijumaa hiyo, mvua ya alfajiri ilipokwisha, ufagio ulipita mahali pamoja mara tatu na chai ikapoa.

"Unaumwa?" mama yake aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Mtu hanywi chai akitembea kama mkaguzi."

Angekaaje? Siku hiyo angekuja mgeni, Mama Christiane, mzaliwa wa Kikula anayefanya kazi ya uuguzi Ulaya. Mama huyo alikuwa amekimbia siku saba katika jangwa la Moroko, na kwa michango ya waliomuunga mkono, shule ikapata paa jipya. Siku zile saba wanafunzi nao walikimbia, kutoka shuleni hadi kwenye reli na kurudi. Kila mzunguko, mtu aliokota jiwe moja kando ya reli na kulitia katika kopo lake. Mwenye kopo lililojaa kuliko yote angekimbia na mgeni mkono kwa mkono, shule nzima ikitazama.

Kopo hilo lilikuwa la Delphine. Miguu yake, hata hivyo, ilikuwa imefika relini mara mbili tu. Mawe mengine aliyaokota nyuma ya nyumba, palipomwagwa kifusi kutoka machimbo ya Kamatanda ili kuzuia tope. Yalikuwa na vumbi jekundu. Nani angejua?

Mvua ilijua. Makopo yalikuwa yamepangwa juu ya ukuta wa shule tangu jana, nayo ikayaosha yote. Delphine alipofika, mawe ya wenzake yalikuwa ya kijivu. Yake, ila mawili, yalikuwa ya kijani kama sombe, mboga ya majani ya muhogo. Na ni mtoto gani wa Likasi asiyelijua jiwe la shaba?

Ghislain, jirani yake wa dawati, alichungulia. "Kumbe reli siku hizi inazaa shaba? Weye, nionyeshe mahali, baba aache kuchimba mashimo."

"Nyamaza, Ghislain."

"Minye nimenyamaza. Kopo ndilo linalosema."

Delphine alinyoosha mkono alimwage, lakini mwalimu Lambert alikwisha kumwingiza mgeni uwanjani. Mama Christiane alichechemea katika kandambili. Vidole vyake viwili vya mguu havikuwa na kucha.

"Mama, kombe liko wapi?" Ghislain aliuliza.

"Kombe gani? Nilikuwa wa mwisho. Nyuma yangu walibaki ngamia wawili, nao walikuwa wanapiga miayo."

Watoto walicheka hata mwalimu akasahau kuwakemea.

"Kila jioni gari la waliochoka lilipita," mgeni aliendelea. "Dereva akaniambia, 'Panda, dada, nani atakuona?' Kichwani nilipanda mara kumi. Miguu ikakataa. Haya, mwenzangu wa mbio ni nani?"

Mwalimu Lambert aliinua kopo lililojaa, akalitazama, nyusi zikapanda. Delphine alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama, mimi nilipanda gari," alisema. "Mawili tu ndiyo ya reli. Mengine ni ya nyuma ya nyumba yetu. Nilidhani vumbi litaficha, lakini mvua imeyaosha."

Mwalimu alifungua mdomo, Mama Christiane akamtangulia.

"Yamwage. Bakiza yako mawili."

Mawe mawili yalilia ndani ya kopo kama meno ya kizee. Sasa kopo la Ghislain ndilo lililoongoza, naye akaupokea mkono wa mgeni.

"Na mimi?" Delphine aliuliza polepole.

"Wewe utafuata nyuma, mahali pa ngamia."

Alifuata. Walikwenda taratibu hivi kwamba mama mmoja mwenye beseni kichwani akawapita. Relini Delphine aliokota jiwe la kijivu, akarudi nalo hadi shuleni, jasho likimtoka.

Mama Christiane alichungulia kopo. "Matatu. Haya hata mvua ya siku saba haitayabadilisha rangi. Shika hili, mwanangu: aliyefika wa mwisho kwa miguu yake hulala usingizi. Aliyekuwa wa kwanza kwa uongo huogopa hata mvua."

Kesho yake, nyumbani Kikula, Delphine alikunywa chai ya moto, ameketi.