Ndege ya Qamara

Ilikuwa siku ya mnada Katesh, mwaka 1982, na vumbi la ng'ombe lilikuwa limeufunika mlima Hanang hadi kiunoni. Hermani alisimama mbele ya pazia la mpiga picha akiwa amekumbatia redio ya kuazima. Alikuwa fundi wa kombaini katika shamba la ngano la serikali kule Basotu, kijana wa miaka ishirini na saba, na siku hiyo alivaa suruali pana ya rangi ya maziwa na shati la bluu ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Mpiga picha alikuwa amemwambia asipumue.

"Samahani," sauti ya msichana ikaingia katikati. "Unaweza kuipiga picha hii picha?"

Hermani akapumua. Picha yake ikaharibika.

Akageuka kumfokea huyo msichana, lakini maneno yakamkwama. Msichana alivaa gauni la njano lenye mkanda mweupe, sweta amelitupia mabegani, na macho yake yalikuwa yakicheka kabla ya mdomo.

"Hiyo sauti naijua," Hermani akasema. "Wewe ndiye 'Katesh, subiri nikuunganishe.' Mwaka mzima napiga simu Arusha kuomba vipuri, nawe unanisubirisha!"

"Ahaa! Ndiye wewe wa mkanda wa kombaini? Kumbe una sura! Mimi nilidhani wewe ni mzee, kwa jinsi unavyolalamika."

Aliitwa Zita, mwendeshaji wa simu pale posta. Picha aliyoshika ilikuwa imepasuka pembeni na kugeuka rangi ya chai. Mwanamume mrefu aliyevaa kaptura ya kijeshi alisimama karibu na ndege, mkono mmoja juu ya bawa. Ndege yenyewe ilikuwa ya ajabu: mbawa mbili kila upande, moja juu ya nyingine, zimeshikwa kwa vijiti na nyaya.

"Huyu ni babu yangu, Qamara," Zita akasema. "Alichukuliwa vitani mwaka arobaini na tatu. Mwaka uliofuata ilikuja bahasha yenye muhuri wa Nairobi, ndani picha hii tu, bila barua. Hakurudi tena. Askari mmoja aliyerejea akamwambia bibi kwamba babu amepata mwanamke huko Nairobi, na ndege hiyo ndiyo aliyopanda kumfuata. Sasa bibi amezeeka kule Maretadu, anaumwaumwa, na kila nikienda ananiuliza: wewe unayeongea na dunia nzima kwenye waya, hujui mume wangu alipanda ndege gani?"

Hermani akaisogeza picha karibu na jua. Alikuwa amekusudia kujigamba, lakini jicho la fundi likamzuia. "Tazama hapa. Hizi ni bawaba, kama za mlango. Mbawa hizi zinakunjwa. Nani anakunja mbawa za ndege?"

"Nakuuliza wewe, fundi."

"Sijui. Lakini namjua atakayejua. Anaitwa Patriki, rubani anayekuja shambani kunyunyizia dawa kwelea kwelea wasimalize ngano. Nitakukutanisha naye."

Hivyo ndivyo Hermani alivyomleta mwenyewe mtu wa kumnyima usingizi.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa mitamu. Hermani alipiga simu za vipuri hata vipuri vikiwepo.

"Katesh, unataka namba gani?"

"Nataka yenye gauni la njano."

"Namba hiyo inatumika, mpenzi. Jaribu saa kumi, nikifunga kazi."

Jumamosi alipanda trekta hadi Katesh, akaoga nyuma ya nyumba ya rafiki, kisha yeye na Zita wakakaa hotelini kunywa chai na mandazi hadi mwenye hoteli alipoanza kufagia chini ya miguu yao. Alimwita "mke wangu" kwa utani, naye alimwambia anuse mikono yake kwanza, ina harufu ya dizeli.

Kisha msimu wa kwelea kwelea ukafika. Patriki akatua kwenye kiwanja cha shamba, kijana wa Moshi, koti la ngozi, miwani ya jua, Kiswahili laini. Zita alikuja na lori kumwonyesha picha. Hermani alisimama kando akijifuta grisi huku vichwa viwili vikiinama juu ya kipande kimoja cha karatasi.

"Aliyeziona bawaba ni nani?" Patriki akauliza.

"Hermani," Zita akajibu kwa fahari.

"Ana jicho. Sasa tazama chini ya mkia, hii ndoana. Na viti vitatu visivyo na paa. Ndege hukunjwa mbawa mahali pasipo na nafasi, na hunaswa kwa ndoana mahali pasipo na uwanja mrefu. Hii ilikuwa inatua juu ya meli, Zita. Ni ya jeshi la majini la Mwingereza. Soma hapa ubavuni mwa ndege, nyuma ya bega la babu yako, herufi hizi ni mwisho wa jina la Kiingereza la jeshi hilo. Nadhani ni ile waliyoiita Swordfish, kwa jina la samaki nduaro. Ilibeba bomu la kuzamishia meli. Haikuwa ya abiria, na Nairobi hakuna bahari."

Zita akamshika Patriki mkono kwa furaha. Ulikuwa mshiko wa sekunde mbili, lakini Hermani aliubeba wiki nzima.

Tangu hapo kila kitu kikamchoma. Alipopiga simu akaambiwa laini ina mtu, alijua ni nani huyo mtu. Siku moja aliingia ofisi ya shamba akamkuta Patriki ameshika mkono wa simu, akicheka.

"Mlikuwa mnaongea nini?" akamuuliza Zita jioni.

"Habari za picha. Amepata mzee mmoja Arusha aliyewahi kufanya kazi kwenye ndege hizo."

"Picha gani inayochekesha hivyo?"

"Hermani, una wivu?"

"Mimi? Wivu wa nini?"

"Basi uache kuumauma maneno. Ukiwa na swali, uliza."

Hakuuliza. Alianza kukosa Jumamosi, akisingizia kombaini.

Wiki ya mwisho ya Machi, alfajiri, Patriki alimfuata karakanani. Ndege yake ilikuwa imeitwa Shinyanga. Akampa bahasha nene iliyogundishwa. "Nasikia unakwenda Katesh leo. Mpe Zita mkononi, tafadhali. Ni haraka."

Hermani akaitia bahasha kwenye sanduku la spana, chini kabisa.

Akafika Katesh, akampita Zita dirishani. Siku ya tatu Zita alipiga simu shambani. "Patriki hakuacha kitu chochote?"

"Sijaona."

"Bibi amezidiwa. Nimeomba ruhusa, nakwenda Maretadu. Kama kuna kitu..."

"Nimesema sijaona!"

"Haya, Hermani. Uwe na amani."

Siku ya kumi na moja akashindwa kula. Akaichana bahasha, amejiandaa kusoma maneno ya mapenzi ya mwanamume mwingine. Ndani mlikuwa na ile picha, mchoro wa ndege umechorwa kwa rula, na barua ya mzee Nicodemo wa Arusha, yenye mwandiko wa kutetemeka:

"Ndege hii ndiyo yenyewe, na uwanja huu ni wa Tanga. Qamara wa Mbulu tulikuwa tukizikunja mbawa pamoja, mimi kushoto, yeye kulia. Aliomba picha ipigwe ampelekee mkewe Fransiska, kwa sababu alisema hataamini akimwambia kwa mdomo. Barua zetu zote zilipitishwa Nairobi kukaguliwa. Wiki mbili baada ya picha alishikwa na homa, akafa mikononi mwangu. Tulimzika Tanga. Sikumsikia akitaja mwanamke mwingine."

Hermani akakaa chini kwenye sakafu ya mafuta. Kisha akaondoka bila kuaga, na ovaroli yake mwilini. Alipanda lori hadi Haydom, jingine hadi njia panda, akamalizia kwa miguu kati ya mahindi na maharage.

Bibi Fransiska alikuwa amelazwa karibu na moto, mdogo kama mtoto. Zita alikuwa akimnywesha uji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani huyu ananuka gari?"

"Naitwa Hermani. Nimeleta barua yako. Nilikuwa nayo siku kumi na moja. Nilimwambia Zita sinayo. Nilidanganya kwa sababu ya wivu."

Zita akaipokea barua, akaisoma, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiiraqw, polepole. Alipofika kwenye "sikumsikia akitaja mwanamke mwingine", bibi akainua mkono ili Zita asite kwanza. Akalia bila sauti, muda mrefu.

"Miaka thelathini na nane," akasema mwishowe, "namwonea wivu mwanamke ambaye hakuwepo. Hata nywele zake nilizijua. Nilimpa jina." Akamgeukia Hermani. "Nawe mwenzangu, wako ulimpa jina gani?"

Hermani akasogeza kuni motoni.

Zita alimsindikiza hadi uani. "Asante kwa kuileta. Usinipigie simu."

Bibi alipata nafuu, akaanza kukaa nje juani. Hermani alisikia habari hizo kwa watu. Mwezi wa tano na wa sita alipopiga simu za vipuri, alijibiwa kama mteja yeyote. Hakulalamika tena kusubirishwa.

Julai, wakati wa mavuno, kombaini kumi na mbili zikiwa uwanjani na makapi yakiruka kama moshi, Zita akashuka kwenye lori la magunia. Kitambaa cheupe kichwani, lile gauni la njano.

"Nina swali," akasema. "Ulidhani mle ndani mna nini?"

"Nilidhani anakwambia anakupenda."

"Aliniambia. Lakini si kwenye barua. Aliniambia mwezi wa pili, uso kwa uso, pale pale posta."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu nina mtu wangu, fundi, Basotu. Akasema sawa. Na baada ya hapo ndipo alipokwenda Arusha na picha ya babu. Hermani, mimi nilikuwa najivunia wewe mbele ya watu, na wewe ulikuwa unanificha barua ya habari za marehemu."

Hermani alitaka kusema mengi. Alisema, "Sina cha kujitetea. Na wivu bado ninao. Hata dereva aliyekuleta sasa hivi simpendi."

Zita akajikaza asicheke, akashindwa. "Mzee Tluway yule? Ana wajukuu saba!"

"Simpendi tu. Lakini kuanzia leo nitauliza, sitaficha. Zita, nataka kwenda tena kwa bibi. Safari hii na wazee wangu."

Zita akatazama ngano iliyobaki, akafikiri hadi Hermani akaanza kutokwa jasho upya.

"Kwanza tutampeleka bibi Tanga akalione kaburi. Wewe utambeba mgongoni pale atakaposhindwa."

"Nitambeba."

"Na siku ya harusi Patriki atakaa meza ya mbele."

Ilimuuma Hermani, ikamuuma kweli.

"Meza ya mbele," akasema. "Lakini wewe utakaa upande wangu."

"Kwani nitakaa wapi, wewe mwanamume?" Zita akasema, akaushika ule mkono wenye grisi mbele ya karakana nzima.