Mbuzi Watatu wa Kiilu

Siku ya soko la mifugo mjini Wote, mwaka wa 1995, vumbi limetanda na watu wanapigana vikumbo, Nzilani alimwona kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi amechuchumaa nyuma ya mbuzi. Hakuangalia meno wala mgongo. Alikuwa akipapasa miguu.

"Kaka, unanunua mbuzi ama unampima viatu?" Nzilani alimuuliza, beseni la machungwa kichwani.

Kijana alicheka mpaka mwenye mbuzi naye akacheka. "Naitwa Kiilu. Na wewe, unauza machungwa ama maswali?"

Alinunua machungwa asiyoyahitaji, kisha akaeleza kazi yake. Alifanya kazi katika maabara ya chuo kimoja Nairobi. Mtu akivunjika mguu hutiwa chuma, halafu baadaye hupasuliwa tena kitolewe. Wao walikuwa wanajaribu, kwenye miguu ya mbuzi, pini za magnesiamu, ambazo huyeyuka zenyewe mwilini. Shida ni kwamba ziliyeyuka upesi mno, mfupa haujaunga. Basi walizipaka utando mwembamba wa kalisiamu fosfeti, madini yale yale ya mifupani, ili zivumilie kidogo.

"Yaani mnazivalisha koti."

"Eeh, koti. Lakini halijazipendeza vile hiyo sweta ya manjano imekupendeza."

Baada ya hapo ikawa ni simu tu. Kiilu alipiga simu duka la Ndolo kule Mbooni, kwao Nzilani, na wateja wote walitega masikio.

"Mwendwa wangu, umekula?"

"Nimekula. Na mbuzi wako, wako aje?"

"Wananionea wivu."

Siku moja alipiga akihema. "Nzilani, Jumamosi nakuja kwenu na mbuzi watatu..." Sarafu zikaisha, simu ikakatika.

Sasa niambie, Mkamba akileta mbuzi watatu kwa kina msichana, analeta nini kama si ntheo? Hiyo ndiyo posa yenyewe. Mmoja akishachinjwa, msichana ana mwenyewe. Nzilani alikimbia nyumbani huku analia kwa furaha, na mama yake, Kavata, akawaalika akina mama wote wa kanisa.

Jumamosi Nzilani alivaa gauni la samawati alilolishona mwenyewe. Pikapu iliingia, vigelegele vikapaa. Mbuzi mmoja alichechemea kidogo, lakini nani alikuwa na habari naye? Nzioka, kaka yake Nzilani, alikuwa ameshamkamata, kisu mkononi.

"Usichinje!" Kiilu alipiga kelele. "Wako na dawa mwilini! Hawa ni wa utafiti! Mimi sikuja kuoa!"

Vigelegele vilikatika. Kumbe kule Kitui walikofugwa nyasi zilikuwa zimekauka, naye alitaka tu wapate malisho ya milimani mpaka wapone. Mtu anasoma mpaka chuo kikuu halafu anasahau mila ya kwao! Nzilani aliingia nyumbani akajifungia. Aliumia, kwa sababu alikuwa ameshaamini, na watu wote walimwona akiamini.

"Mbuzi hawana makosa," Kavata alimwambia Kiilu. "Waache. Wewe enda."

Nzilani aliwalisha mwenyewe, midomo ameibana. Kiilu alipopiga simu hakwenda kuipokea. Kila alipopita sokoni, akina mama waligusana viwiko. Mwishowe alikwenda dukani kupokea simu, nia yake kumtukana.

"Unataka nini?"

"Nilisema sikuja kuoa siku hiyo. Sikusema sitaki. Niliona kisu nikaropoka."

"Uliropoka mbele ya kanisa nzima, Kiilu."

"Basi nitakuja niseme mbele ya hao hao."

"Usiniambie mimi. Kuja."

Mbuzi walichukuliwa wakapigwa picha za mifupa. Mifupa ilikuwa imeunga vizuri, na pini zimebaki nyembamba kama sindano. Koti lilikuwa limefanya kazi yake. Wiki iliyofuata Kiilu alifika Mbooni na wazazi wake, suti imemkaba shingo, na mbuzi watatu wengine, wanono. Akina mama wa kanisa walikuja wote. Hakuna aliyetaka kusimuliwa.

Nzioka alishika kisu, akasita. "Na hawa?"

Kiilu alisimama katikati ya uwanja, jasho linamtiririka. "Hawa hawana dawa wala pini. Mimi Kiilu nimekuja kumwoa Nzilani, kama atanikubali."

Macho yote yalimgeukia Nzilani. Alimwacha Kiilu asimame hapo kidogo, naye aionje ile aibu.

"Nzioka," akasema, "chinja."