Jina la Mikate ya Kicheko

Fundi makochi alikuwa amepiga magoti sakafuni, misumari midogo mdomoni, akivuta kitambaa kwenye kochi la mteja. Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na mlango, anashona foronya. Nyumba yao ilikuwa nyuma, karakana mbele, na vipande vya sponji vilikuwa kila mahali, hata ndani ya kopo la sukari.

Akichoka, fundi alijifuta mikono akashika simu. Hakutazama mpira wala umbea. Alikuwa na biashara ya pembeni: kununua na kuuza majina ya tovuti.

Jina la tovuti ni ile anwani ambayo mtu anaiandika kwenye simu ili afike kwenye duka, shule au ofisi fulani katika mtandao. Anwani moja haiwezi kuwa na wenyewe wawili. Anayewahi kuiandikisha ndiye anayeitumia. Rafiki mmoja alimwambia fundi kwamba kuna watu huandikisha majina mazuri mapema, halafu huyauza kwa wanaoyahitaji. Fundi aliipenda kazi hiyo palepale. Aliona inafanana na yake. Yeye alizoea kuokota viti vilivyotupwa, kuvitia miguu na kitambaa kipya, na kuviuza. Akadhani majina nayo ni hivyohivyo.

Basi kila alipopeleka makochi kwa wateja, alisoma mabango ya maduka njiani. Saluni hii, duka lile la rangi, bekari ile ya kona. Akirudi nyumbani alitafuta kama jina la bango limeshaandikishwa. Kama bado, aliliandikisha yeye, akaweka ukurasa wenye maneno "Jina hili linauzwa" na barua pepe isiyoonyesha yeye ni nani. Mkewe aliwahi kumwuliza wenye maduka watasemaje. Fundi alijibu, misumari mdomoni, "Walikuwa wapi siku zote?"

Siku hiyo, kabla ya mchana, Bi Kicheko aliingia karakanani. Watu walimwita hivyo kwa sababu kicheko chake kilifika kabla yake. Alikuwa mjane, mkubwa kwao kwa umri, na bekari ya kona ilikuwa yake. Mwaka ule mke wa fundi alipolazwa hospitali, kila asubuhi palikuwa na mkate wa moto mlangoni kwa fundi, umefungwa kwa kitambaa. Bi Kicheko hakuwahi kuutaja mkate huo hata kwa mzaha.

Leo alikuja kimya, mkate mmoja mkononi na furushi la mifuko ya karatasi kwapani.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Toa misumari mdomoni, nina maneno."

Alieleza shida yake akiwa amesimama. Hospitali na shule mbili zilitaka kuagiza mikate yake kupitia tovuti. Alifurahi, akaenda kuchapisha mifuko mipya yenye anwani ya "Mikate ya Kicheko". Mifuko ikaja mizuri. Ndipo alipokwenda kufungua tovuti, akaambiwa jina limeshachukuliwa na mtu, na mtu huyo analiuza. Hospitali ilimpa mpaka mwisho wa mwezi. Akishindwa, kazi inakwenda kwa mwingine.

"Nimekanda unga kwa jina hili tangu marehemu yuko hai," alisema. "Leo naambiwa lina mwenyewe."

Fundi aliinama akatafuta nyundo ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Wewe ndiye unayejua mambo haya hapa mtaani," Bi Kicheko aliendelea. "Mwandikie huyo mtu. Macho yangu na hivi vitufe havielewani."

Akampa simu yake. Fundi angeweza kusema ukweli hapo. Badala yake aliipokea. Akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akaanza kujiandikia barua yeye mwenyewe.

"Mwambie, wewe mtu usiye na haya. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mwambie, kama mama yake yu hai, namwonea huruma. Kama amekufa, namwonea huruma zaidi."

Mke wa fundi aliangua kicheko nyuma ya cherehani.

"Ongeza kwamba mikono yake haijawahi kushika kazi ya halali."

Fundi alitazama vidole vyake, vyeusi kwa gundi. "Na hilo niandike?"

"Andika. Halafu mpelekee."

Akabonyeza. Juu ya mkono wa kochi, simu yake mwenyewe ikalia.

Cherehani ikasimama. Bi Kicheko hakuona chochote. Aliweka mkate juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasema asante, Mungu akuzidishie, akatoka.

"Simu yako imelia," mkewe alisema.

Fundi aliigeuza simu kifudifudi.

"Isome, basi. Nataka kusikia mtu asiye na haya ameandikiwa nini."

"Sikujua kama litamuumiza."

"Hukujua, au hukuuliza?" Mkewe aliinuka, akauangalia ule mkate kama anayeangalia mgonjwa. "Huu usiingie jikoni kwangu. Sitaukata mimi."

Mkate ulibaki mezani. Fundi alijaribu kurudi kazini akapigilia msumari upande usiostahili. Mwishowe alivaa viatu akaenda kwenye duka la uchapaji, kwa dada mmoja anayetengeneza tovuti pale. Alimwambia kwamba ana rafiki yake, ambaye amechukua jina la biashara ya mtu, na sasa rafiki huyo anajuta.

"Huyo rafiki yako naye ana gundi vidoleni?" dada aliuliza.

Fundi akaficha mikono. Kisha akaitoa tena, kwa kuwa haikusaidia kitu.

Dada hakumcheka. Alimwuliza anavipata wapi viti anavyotengeneza. Fundi akasema anaviokota jalalani, au anavinunua kwa wenyewe.

"Umewahi kumvuta mtu kiti alichokalia, kisha ukamwuzia?"

"La."

"Basi hicho ndicho ulichofanya, kaka. Biashara ya majina ni halali. Maneno ya kawaida ambayo hayana mwenyewe, kama viti vya ofisi au mapazia ya dirisha, andikisha, uza, hakuna wa kukulaumu. Lakini jina ambalo watu wanamjua nalo mtu fulani, ukilichukua ili umtoze yeye, huo ni unyang'anyi. Anaweza kukushtaki kwa wanaosimamia majina, ukanyang'anywa, na wakili ukamlipa."

Fundi aliuliza kama anaweza kuliacha tu, bila mtu kujua. Dada alisema likiachwa huenda mwingine akalidaka, na huyo mwingine huenda asiwe na mke wa kumsuta. Fundi akauliza tena kama anaweza kumpelekea kimyakimya.

"Haiwezekani. Lazima yeye afungue akaunti kwa kampuni ileile uliyoliandikishia, kwa jina lake, kwa barua pepe yake, na neno la siri analolijua yeye. Halafu wewe unalihamishia kwake. Lazima awepo, na ataona limetoka kwa nani." Akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta. "Mlete."

Njia ya kutoka dukani hadi bekari ilikuwa fupi. Fundi aliitembea kama anayevuta kabati. Alimkuta Bi Kicheko anatoa trei za mikate, jasho shingoni.

"Mama, yule mtu nimempata."

"Yuko wapi?"

"Ni mimi."

Bi Kicheko aliweka trei chini. Aliifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Na barua ile uliiandika wewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukaniuliza hata kama uongeze la mikono."

"Ndiyo."

"Niambie kitu kimoja. Ungeniuzia?"

Fundi alitaka kusema hapana. Alitazama mlango wa bekari, na kitambaa kilichotundikwa pale, kile cha kufungia mikate ya moto.

"Ningekuuzia," alisema.

Bi Kicheko alivua aproni. "Twende," alisema.

Dada alimkalisha Bi Kicheko mbele ya kompyuta, akasema fundi asiguse kitu. Bi Kicheko aliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, na neno la siri akaliandika huku ameziba vitufe kwa mkono wa pili, lisionwe. Fundi akahamisha jina. Dada alieleza kwamba jina la tovuti halinunuliwi milele. Ni kama chumba cha kupanga, hulipiwa kila mwaka, na mwenye kusahau hukuta mwingine amehamia. Pia alimgombeza Bi Kicheko kidogo: mifuko isichapishwe kabla jina halijaandikishwa. Bi Kicheko alikubali kosa lake. Kwa fundi hakugeuka.

Mikate ilifika hospitalini kabla ya mwisho wa mwezi.

Fundi alizunguka mtaani akarudisha majina mengine. Mwenye saluni alimwacha asimame mbele ya wateja hadi alipomaliza kusuka kichwa kizima. Mwenye duka la rangi alicheka mpaka akakaa, na ndiye aliyempa fundi jina la "Linauzwa". Mtaa mzima ukalishika. Fundi alipita na makochi yake na kuitika.

Hakuacha biashara ya majina. Alitafuta maneno ya kawaida, akaangalia kwanza kama kuna biashara inayoitwa hivyo, na hakugusa pesa za chakula. Majina mengi hayakupata mnunuzi, akayaacha yaende. Moja kuhusu viti vya ofisi lilinunuliwa na mfanyabiashara wa mbali, wakashukuriana kwa simu. Bi Kicheko bado alimwitikia salamu tu.

Kisha siku moja mafundi wawili wa baiskeli, mume na mke, waliingia karakanani. Walitaka kuandikisha jina la tovuti la karakana yao. Walisema wametumwa na Bi Kicheko.

Fundi alitoa misumari mdomoni. "Amesema nini?"

"Amesema wewe unaijua kazi," mume alijibu.

"Na nini tena?"

Mke akamtazama mumewe, kisha akasema wazi. "Amesema liandikwe kwa jina letu, na tukuangalie vidole."

Fundi aliinama kidogo. Uso ulimchoma kama siku ile ya barua. Akavuta viti viwili, akaviweka pale ambapo wangeona simu vizuri. "Amesema kweli. Kaeni hapa muone kila ninachobonyeza."

"Na hii ametupa tulete," mume alisema. Ulikuwa mkate, bado wa moto, ndani ya mfuko wa karatasi wenye ile anwani.

Mke wa fundi alisimamisha cherehani. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akaenda jikoni, akarudi na kisu.

"Huu naukata," alisema.