Lundo Lililoshindiliwa

Maiti ya Injinia Witold Sarna ilitolewa kwenye lundo la chenga za kuni asubuhi ya Ijumaa, ikifuka mvuke kama viazi vilivyoepuliwa sasa hivi. Nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Mashine ya kuchimbua ilikuwa imeitwa kwa sababu lundo lilianza kutoa moshi. Hakuna aliyejua kwamba ndani yake kuna mtu.

Inspekta Leszek Maron alimtazama marehemu, kisha akamtazama daktari wa maiti.

"Kichwa kimepasuliwa kwa nyuma," daktari alisema. "Pigo moja. Kitu kizito, kipana."

"Lini?"

"Usiniulize lini. Lundo limempika. Inaweza kuwa juzi, inaweza kuwa wiki nzima."

Nyuma yao mtambo ulinguruma. Kituo cha joto cha Rudzianów kilikuwa kikila makaa ya mawe tangu babu yake Maron akiwa hai. Huu ulikuwa msimu wa pili kinakula kuni. Maji ya moto yaliyotoka humo yalipita chini ya barabara na kuingia katika kila nyumba ya mji, kwa hiyo hata siku ya maiti mtambo haukuzimwa. Polisi waliweka utepe kuzunguka lundo la nyuma, na mkanda wa mtambo ukaendelea kuvuta chenga kutoka lundo la mbele hadi tanurini.

Sarna, injinia wa kituo, alikuwa hajaonekana tangu Jumanne. Jumanne hiyo hiyo aliikataa shehena ya dereva mmoja Myukreni, Taras Hnatiuk, akisema kuni zake zina maji. Wakatukanana mbele ya watu. Ijumaa hiyo, kabla ya saa sita mchana, Taras alikuwa rumande, na mwendesha mashtaka, Bi Renata Lis, alikuwa kwenye simu.

"Nina ugomvi, nina vitisho, nina mashahidi," alisema. "Jioni namfungulia shtaka la mauaji."

"Na ushahidi?"

"Ulete wewe, Leszek. Mpaka jioni."

Taras alikuwa mtu mkubwa, na chumba cha mahojiano kilikuwa kidogo.

"Ulimwambia utamzika humo humo kwenye kuni."

"Nilimwambia. Afande, mimi husema mengi. Hata tairi likipasuka naliambia nitaliua."

"Ulimpiga?"

"Ningempiga, ningempiga usoni. Mtu nikimpiga nataka anione."

"Unajua kuendesha tingatinga?"

"Lori tu." Taras aliinamisha kichwa. "Afande, mimi hapa sina ndugu. Mkinifunga, nani atauliza niko wapi?"

Maron alisimama. Alichukua koti lake akarudi kwenye lundo.

Huko alimkuta Halina Czapla, msimamizi wa uwanja wa kuni, amechuchumaa kwenye shimo ilimotolewa maiti. Alikuwa akitukana peke yake.

"Nani kakukasirisha, dada?"

"Njoo uone ujinga. Mtu huyu hakufukiwa tu, kashindiliwa." Alipiga ukuta wa shimo kwa kisigino. Ulikuwa mgumu kama tofali. Juu yake kulikuwa na alama za minyororo ya tingatinga, safu baada ya safu. "Limepita juu yake, likarudi, likapita tena."

"Ubaya wake nini?"

"Chenga mbichi ukizibana zinajipika. Joto halipati pa kutokea. Angeziacha zilivyo tungemkuta mwezi wa nne, tukilifikia lundo hili."

"Watu wako hawalijui hilo?"

"Mtu wangu akishindilia kuni namfukuza kwa teke. Sisi ni watu wa msituni."

"Basi nani hushindilia?"

Halina alisimama polepole. Alijipangusa magoti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Watu wa makaa," alisema. "Makaa hushindiliwa ili hewa isipenye, yasije yakawaka. Lakini hao walistaafishwa wote."

"Wote?"

"Kabaki Mzee Pyka, wa tingatinga. Nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu. Anaitikia 'sawa, dada', nikigeuka mgongo yuko juu anakanyaga."

Mazoea yana taabu, Maron aliwaza. Muuaji wa kawaida angefukia akakimbia. Huyu alikuwa amelitunza lundo.

Alojzy Pyka alikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo, anakula mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe. Hakuacha kula Maron na sajini wake walipoingia. Sajini alifungua daftari akasimama mlangoni.

"Mzee Pyka, tingatinga lina funguo ngapi?"

"Mmoja."

"Uko wapi?"

Pyka alivuta kamba shingoni mwake, ufunguo ukatokeza.

"Jumanne jioni ulikuwa unafanya nini juu ya lundo la nyuma?"

"Nalisawazisha."

"Ulilishindilia."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Lisije likawaka."

"Kuni hazishindiliwi, mzee. Umeambiwa."

"Nimeambiwa." Pyka aliuweka mkate chini. "Nilitaka alale salama mpaka majira ya kuchipua. Nikafanya ninavyojua."

Kalamu ya sajini ilisimama.

"Ulimpiga na nini?"

"Sepetu."

"Alikukosea nini?"

Pyka aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha ubao kisichozidi kidole gumba. Upande mmoja ulikuwa na rangi ya buluu.

"Barabara ya Kostów kulikuwa na mti," alisema. "Mwanangu Rafał aliugonga kwa pikipiki, akafa pale pale. Mama yake akaupigilia kijumba cha ubao cha Bikira Maria, akakipaka buluu. Kila Jumapili alikuwa akienda kuwasha mshumaa. Anasema kaburini kuna mifupa tu, Rafał yuko pale mtini."

"Endelea."

"Baridi ilipozidi, matawi ya msituni yakaisha. Injinia akaamuru ikatwe miti ya kando ya barabara. Mashine imetafuna mti na kijumba chake. Jumapili theluji ilikuwa nyingi, mama hakwenda. Jumanne nasukuma chenga, naona buluu."

"Na mti wenyewe?"

"Ulishaingia tanurini. Jumatatu." Sauti ya Pyka haikupanda. "Jumatatu hiyo nilirudi nyumbani, nikamkuta mke wangu ameegemea chuma cha joto ukutani. Akaniambia, 'Alojzy, leo afadhali. Leo kuna joto la kweli.'"

Alikigeuza kipande cha ubao kiganjani.

"Nikamfuata injinia kule nyuma, nikamwonyesha hiki. Akasema, 'Pole, mzee.' Kama mtu aliyekukanyaga kwenye foleni. Halafu akageuka kutazama simu yake. Angenicheka, afande, nadhani nisingempiga."

"Na yule dereva? Ungemwacha afungwe?"

Pyka alifikiri. Ilionekana anafikiri kweli.

"Ningemwacha," alisema. "Moyoni sikuwa na nafasi ya mtu mwingine."

Sajini alimfunga pingu. Mlangoni Pyka alisimama.

"Koti langu, mfuko wa kushoto, kuna kishikio cha kufungulia joto nyumbani. Nimefunga vyuma vyote tangu Jumanne. Mke wangu analala na koti, anadhani kituo kimeharibika. Kamfungulie. Usimwambie kwa nini."

"Mahakamani itasemwa, mzee."

"Basi mwambie wewe, kabla ya magazeti."

Taras aliachiwa kabla ya giza. Alipoambiwa muuaji ni nani, hakushukuru wala hakufurahi. "Yule pekee ndiye alikuwa ananipa chai," alisema, akaenda kutafuta lori lake. Lilikuwa limeshapewa dereva mwingine.

Gertruda Pyka alifungua mlango amevaa koti na kilemba cha sufu. Pumzi yake ilionekana sebuleni. Maron hakukaa. Alichomeka kishikio, akazungusha, maji yakaanza kunong'ona ndani ya chuma.

"Mungu akubariki, afande," mama alisema, akaweka viganja vyote viwili. "Sasa niambie. Kafanya nini?"

Maron alimwambia yote. Hakupunguza kitu, maana hakujua apunguze kipi.

Mama hakulia. Mikono yake ilibaki pale pale juu ya chuma.

"Jumatatu, ndiyo?"

"Jumatatu, mama."

"Na leo?" aliuliza. "Leo ni mti wa nani?"

Maron hakujua.

Mama aliondoa viganja. Kisha akazungusha kishikio mpaka maji yakanyamaza, akakichomoa, akampa inspekta mkononi, akaenda kumfungulia mlango.