Darla, Umekula?

Darla Spurlock alikutwa asubuhi sakafuni jikoni kwake, amelala ubavu, amevaa gauni la kulalia. Kando ya mkono wake kulikuwa na kalamu ya sindano, zile za kupunguza unene ambazo Kentucky nzima inazitamani na wachache ndio wanaozimudu.

Inspekta Vernon Tackett aliinama kwa taabu. Alikuwa amechoka, na si kwa ajili ya usiku mmoja.

Aliyemkuta Darla ni bintiye, Kendra. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mkono umefungwa bandeji pale wanapomchoma kumsafisha damu.

"Mama alikuwa mgonjwa?"

"Mgonjwa ni mimi. Figo. Lake lilikuwa linanifaa. Hospitali wakasema apungue kwanza ndipo wampasue. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumpima uzito."

"Dawa alikuwa anaipata wapi?"

"Bima walimkataa, Inspekta. Wakasema unene si ugonjwa wa kulipiwa. Angekuwa na sukari wangemlipia dawa hiyo hiyo, fikiria! Dukani bei yake inashinda mshahara wake. Mwishoni akaniambia tu, 'Mungu amenifungulia mlango, usiniulize.'"

Tackett akafungua friji. Maji, tufaha, na bakuli la kioo la wali na kuku, jibini juu yake, halijaguswa. Akalinyanyua akatazama chini. Kipande cha utepe: RATLIFF. Watu wa kule hawapeleki chakula bila jina chini ya chombo, la sivyo bakuli lako utaliona kwenye sherehe za wenzio mpaka ufe.

"Opal Ratliff?"

"Shangazi Opal, wa nyumba ya pili. Kalileta jana jioni. Kisha akanipigia simu kuuliza kama mama amekula. Nikamwambia sijui. Akapiga tena."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia amwache, amefunga tangu asubuhi, kesho anapimwa. Akakata simu."

Tackett akalirudisha bakuli taratibu.

Majibu ya maabara aliletewa na Daktari Hensley, mchunguzi wa maiti, mtu asiyependa maneno mengi.

"Kwenye kalamu mna insulini. Lebo ya dawa ya unene imebandikwa juu ya lebo nyingine. Mtu asiye na sukari, tena hajala kutwa nzima, akijidunga kiasi kile haamki."

"Kuna alama za vidole?"

"Zake, na za mtu mwingine. Halafu Vernon, nilimpima. Alikuwa ameshashuka chini ya kikomo. Leo wangemkubali."

Kuna habari ambazo mtu angefurahi kutoambiwa.

Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, na bado kila siku askari tunawatuma msituni. Tackett hakwenda mbali. Alivuka uwanja wa nyasi, akagonga mlango wa pili, na saa moja baadaye Opal Ratliff alikuwa kituoni, mbele yake kikombe cha kahawa asichokinywa. Alikuwa amekonda, na gauni lake lilikuwa jipya.

"Umependeza, Opal."

"Watu wanasema."

"Una sukari."

"Miaka mingi, Vernon. Unajua hilo."

"Kwa hiyo bima inakulipia zote mbili. Insulini, na hii ya unene, ya kila wiki. Na ya wiki ulikuwa unamgawia Darla."

"Kugawiana kosa? Kanisani nusu ya wanawake wanagawiana. Mkeo mwenyewe..."

"Mke wangu mwache. Dawa ile inaua hamu ya kula, sivyo?"

"Sana. Hata mkate unakushinda."

"Sasa wewe, unayeijua, umempelekea mtu anayeitumia wali, kuku na jibini. Kisha unapiga simu mara mbili kuuliza kama amekula. Kwa nini, Opal?"

Opal akakisogeza kikombe pembeni.

"Ulijua kwamba ndani si ile dawa. Ulijua asipokula atakufa."

Opal akaanza kulia, bila sauti kwanza.

"Bima walinipunguzia. Ikawa hainitoshi mimi, sembuse yeye. Na yeye kila wiki yupo mlangoni, 'Opal mpenzi, Mungu akubariki.' Ningemwambia nini? Vernon, tangu utotoni mimi nilikuwa kituko. Mume wangu alikuwa ananiita gari la mizigo mbele za watu! Sasa nakaa kiti kimoja kanisani. Wanaume wananifungulia mlango. Nikaona nikimpa Darla yangu, nitarudi kulekule."

"Ukampa insulini."

"Nilidhani atasikia kizunguzungu kidogo, ataogopa, ataacha kuniomba. Ndiyo maana nikapika. Kalamu nikaitia kwenye mfuko mmoja na bakuli. Nikasema atakula, haitamdhuru!"

"Kendra akakwambia mama yake amefunga."

"Ndiyo."

"Hapo Darla alikuwa bado hai."

"Taa ya jikoni kwake ilikuwa inawaka. Nilisimama dirishani kwangu. Nikasema nikienda, nitaanzaje? Nikiita gari la wagonjwa wataniuliza. Nikasema labda hajajidunga. Nikasali."

"Ukasali."

"Nikaenda kulala."

Tackett akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. Hasira alikuwa anaitafuta na haiji. Alimjua Opal tangu shule, na waliokuwa wakimcheka, yeye alikuwa mmoja wao.

"Vernon." Opal akamshika mkono. "Yule mtoto. Nipimeni mimi. Nimekonda sasa, si unaona? Nitampa figo langu, nawaapia, hata kesho!"

"Wenye sukari hawachukuliwi, Opal."

Opal akamtazama, mdomo wazi, na mkono ukaachia wenyewe.

Tackett akainuka. Kendra alikuwa ameketi ukumbini na bandeji yake, akisubiri kuambiwa ni nani.